Kisahani cha Ukingo Mpana

Mwaka ule mzima, kila asubuhi kabla hajaonja kahawa, Marketta Huovila alitoka barazani na soksi zake za sufu, akaweka kidole gumba cha mguu wa kulia kwenye ukingo wa ubao wa mwisho, akasimama hapo bila kuutazama. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha la nyumba ya rangi ya haradali ambako Hellevi Suutala alikuwa na saluni. Baadaye ndipo alipoinama kuangalia. Kidole kikiwa ndani ya ubao, aliingia kunywa kahawa. Kikiwa kimechungulia nje, hata kwa unene wa ukucha, alitamka neno ambalo marehemu mumewe hakupenda kulisikia ndani ya nyumba, akaanza upya.

Watu wa Kortelahti, mji mdogo wa Ufini, waliopita na mbwa wao walimwona. Hakuna aliyemwuliza. Katika mji ule mtu huulizwa habari za hewa. Mguu wake ni wake.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, na kazi yake ilikuwa chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee. Yeye na Hellevi waliingia pamoja katika gofu ya visahani, mwaka ule halmashauri ilipofunga vikapu vya minyororo msituni kando ya ziwa. Unasimama kwenye mkeka, unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata, unarusha tena mpaka kiingie kikapuni, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Walinunua visahani vyao vya kwanza siku moja, wakavipoteza matopeni siku moja. Na Aulis, mumewe Marketta, alipofariki, Hellevi ndiye aliyekwenda hospitalini na kitana chake mwenyewe akamchana marehemu upya. Alisema wauguzi wamemchana nywele kushoto, na mtu yule maisha yake yote alichana kulia.

Ndiyo maana lile jambo la Septemba liliingia ndani sana.

Ilikuwa siku ya mashindano makuu ya klabu, na kinachopiganiwa na wanawake wa umri wao ni birika la kahawa la shaba, ambalo hupita kutoka kwa mshindi hadi mshindi na majina huchongwa ubavuni. Vilikuwa vimebaki vikapu vichache, na Marketta na Hellevi walikuwa sawasawa. Kwenye kundi lao alikuwamo Veijo, katibu wa klabu, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani za madukani. Veijo aliichukua kazi yake akaenda nayo msituni. Hakuna mtu aliyerusha mbele yake bila yeye kuchuchumaa kukodolea macho mstari wa mkeka.

"Mguu!" alipiga kelele mara tu kisahani cha Marketta kilipotoka mkononi. "Umekanyaga nje!"

Hilo halikumtisha mtu. Kanuni inasema kosa la mguu halihesabiwi mpaka mchezaji mwingine wa kundi aunge mkono, na klabu nzima ilikuwa na desturi yake: Veijo akipiga kelele, watu hutazama vilele vya misonobari. Hutazama hivyo kwa muda, kana kwamba kuna ndege wa ajabu, kisha mchezo huendelea. Miaka yote hakuna aliyewahi kumuunga mkono Veijo. Marketta naye aliinua macho juu, akitabasamu, akimngoja ndege wake.

"Nimeona," Hellevi alisema.

"Umeona nini?" Marketta akauliza.

"Mguu wako. Ulitoka."

Pigo moja likaongezwa kwenye hesabu ya Marketta, kana kwamba amerusha mara moja zaidi. Hellevi akalichukua birika kwa tofauti ya pigo moja.

Sasa, msomaji asije akadhani Marketta alionewa. Mguu ulitoka. Alijua ulitoka, aliusikia ukingo wa mkeka chini ya kidole kama unavyosikia jiwe kwenye kiatu. Hilo halikupunguza kitu. Kama Hellevi angesema uongo, Marketta angemwita mwongo, wangegombana, wangepatana kwenye sauna kabla ya Krismasi. Mtu aliyesema kweli unamsameheje? Alilala na swali hilo, akaamka nalo, akalipeleka kazini, akalikunja pamoja na mashuka.

Majira yale ya baridi hakukatwa nywele. Mji una saluni mbili, na ya pili ni ya mpwa wake Hellevi, kwa hiyo Marketta alijikata mwenyewe mbele kwa mkasi wa jikoni, na nywele za mbele zikapanda kulia kama ngazi. Watu waliusoma ugomvi kwenye paji la uso wake. Hellevi alimletea mkate mtamu wa iliki, akauacha mlangoni ukiwa umefungwa kwa kitambaa. Marketta aliwapa ndege.

Theluji ilipoyeyuka alikwenda kwa Ilmo, anayeuza visahani kwenye gereji ambayo zamani alitengenezea misumeno ya moto.

"Nipe kinachokwenda mbali kuliko vyote," alisema.

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu. Au huoni nimesimama hapa?"

Ilmo alimtazama, akazitazama na nywele, akaamua kutosema kitu juu ya nywele. Alishusha kisahani kipya, chekundu, chembamba kama ulimi, ukingo wake mpana kiasi kwamba vidole vya Marketta havikuweza kukishika vizuri.

"Hiki hapa. Lakini nakwambia kabla hujalipa, hiki si chako. Ukingo mpana unataka mkono wenye kasi. Vijana wa miaka ishirini wenye mabega kama milango, hao ndio wanakirusha kikanyooka. Sisi wengine kinatudharau."

"Kinanidharau mimi?"

"Kitatoka mkononi mwako, kitakwenda hatua chache, kisha kitageuka kushoto kidondoke kama kunguru aliyepigwa risasi. Baki na vile vyako vya ukingo mwembamba. Vinakujua."

"Ilmo, marehemu Aulis alinunua kwako msumeno ulioharibika wiki ile ile, hakulalamika. Kifunge."

Alichotaka wakati huo kilikuwa rahisi. Kikapu cha kumi na moja kiko ng'ambo ya hori la ziwa. Wanaume wenye nguvu hurusha moja kwa moja juu ya maji. Wanawake wa umri wao huzunguka: mrusho wa kwanza hupitia ukingoni upande wa kulia, wa pili ndio huelekea kikapuni. Hellevi, mwenye mkono mrefu na kiburi kirefu kuliko mkono, alikuwa amejaribu kuvuka miaka yote na kushindwa, na hakupenda kukumbushwa. Marketta alitaka kuvuka mbele ya macho yake. Basi.

Alikwenda kukijaribu kwenye uwanja wa mpira wa changarawe nyuma ya shule, jioni moja hewa ikiwa imetulia tuli. Alisimama, akavuta mkono mpaka bega likalia, akaachia. Kisahani kilitoka kwa mlio wa kukata hewa, akafurahi; kisha kikaumwa na kitu, kikainamisha bawa la kushoto, kikadondoka karibu na bendera ya kona. Alirusha tena. Kunguru yule yule. Alirusha kwa hasira, kikadondoka mapema zaidi. Akarusha mpaka kidole cha shahada kikachubuka, na kila mara kilipoanguka aliisikia sauti ya Ilmo: kinatudharau.

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Alikuwa karibu kukirudisha gerejini na kula maneno yake, lakini siku moja alitoka kazini upepo unavuma kiasi cha kupindua mapipa, na kwa kuwa alikuwa na hasira, hakutaka kwenda nyumbani. Alisimama uwanjani upepo ukimpiga usoni, macho yakimtoka machozi, akarusha vilevile alivyokuwa akirusha.

Kisahani kilinyooka.

Kilikwenda kama kimewekwa juu ya reli, kikapita katikati ya uwanja, kikapita mahali ambapo kunguru huanguka, kikashuka taratibu mbele ya goli la mbali. Alikifuata kwa kukimbia, mwanamke wa miaka hamsini na minane, akikimbia na viatu vya kazini. Akakirusha kurudi, upepo ukiwa mgongoni sasa: kushoto, chini, kunguru. Akavuka uwanja, akarusha tena upepo ukiwa usoni: reli.

Kesho yake alimwuliza Ilmo kama mtu anayeuliza bei ya kokoto.

"Ehee," Ilmo alisema. "Upepo wa usoni unakidanganya. Kinakutana na hewa nyingi, kinadhani mkono uliokirusha una nguvu. Hewa ikitulia kinakujua ulivyo. Watu hudhani ni kinyume."

"Watu gani?"

"Karibu wote wanaonunua kwangu," Ilmo alisema, bila aibu.

Mawazo ya kulipiza kisasi humjia mtu mikono yake ikiwa na shughuli. Marketta alikuwa akikunja mashuka ya wazee, pembe kwa pembe, wazo lake lilipomjia. Michezo ya klabu ya kila Jumatano huchezwa jioni. Jioni za kiangazi upepo wa ziwani huja moja kwa moja kwenye mkeka wa kikapu cha kumi na moja, ukampiga mrushaji usoni. Mashindano makuu huchezwa asubuhi, mwezi wa Septemba, na asubuhi za Septemba ziwa lile hulala kama maziwa kwenye bakuli.

Aliweka shuka chini. Hakuhitaji tena kumshinda Hellevi. Alihitaji Hellevi aone.

Jumatano ya kwanza yenye upepo wa kutosha, alijiandikisha kwenye kundi la Hellevi, na watu wakatazamana, kwa kuwa wawili hao hawakuwa wamecheza pamoja tangu lile pigo moja. Walicheza vikapu kumi bila neno. Kwenye kikapu cha kumi na moja Marketta akatoa kile chekundu.

"Huo upepo huuoni?" Hellevi alishindwa kujizuia. "Zunguka, mwenzangu. Utakitupa ziwani hicho."

"Kikizama ni changu."

Akarusha. Kisahani kilipita juu ya matete, juu ya maji yenye mawimbi meupe, kikanyooka, kikatua kwenye nyasi za ng'ambo na kuviringika mpaka karibu na kikapu. Mtu mmoja nyuma yao akapiga mluzi. Marketta hakusherehekea. Alifunga mkoba wake taratibu, kama mtu ambaye hilo ni jambo la kila siku, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote.

"Na huku upepo unakupinga," Hellevi alisema polepole.

"Sikuuona," Marketta alijibu.

Hayo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote tangu Septemba.

Siku mbili tatu baadaye Ilmo alimsimamisha mbele ya duka la vyakula. "Rafiki yako alikuja."

"Sina rafiki."

"Basi jirani yako. Amechukua viwili, chekundu na cha njano, vya ukingo ule ule. Nikamwambia kama nilivyokwambia wewe, hiki si chako. Akaniambia, kama mfua mashuka anakivusha kwenye tufani, mimi nashindwaje?"

"Mfua mashuka."

"Ndivyo alivyosema. Sikutia chumvi."

"Umemwambia habari ya upepo?"

"Hakuuliza. Nimwambie?"

Marketta aliuhamisha mfuko wa viazi kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo angeweza kuukatisha mpango wake. Alikifikiria kile kitana, alikifikiria kichwa cha Aulis kwenye mto wa hospitali, nywele zimelala kulia kama ipasavyo. Kisha akafikiria lile neno, nimeona, lilivyosemwa bila hata kukohoa.

"Acha," alisema. "Saluni yake ina watu wengi kiangazi hiki. Usimsumbue."

Hellevi hakuwa mtu wa mazoezi. Alijivunia hilo, aliwaambia wateja wake kwamba wanaofanya mazoezi ni wale ambao Mungu hakuwapa mkono. Alikirusha kisahani chake kipya Jumatano tu, jioni tu, upepo ukiwa usoni, na mara mbili kilivuka. Mara ya kwanza alipiga kelele mpaka bata wakaruka. Marketta alikuwapo. Alipiga makofi pamoja na wengine.

Asubuhi ya mashindano ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa. Hakuna jani lililotikisika. Marketta alipotoka nyumbani alilamba kidole akakiinua juu, akakiona kimepoa pande zote sawasawa.

Kundi lao lilikuwa la watu wanne: yeye, Hellevi, Veijo na mizani yake ya macho, na Outi, mwanamke mtulivu wa mapokezi kwa daktari wa meno, ambaye alicheza kama anayeokota uyoga, bila haraka na bila maneno. Mpaka kikapu cha kumi Hellevi aliongoza kwa mapigo mawili. Nywele zake zilikuwa zimetengenezwa vizuri. Alikuwa akiongea na kila mtu.

Kwenye mkeka wa kumi na moja zamu ya kwanza ilikuwa ya Marketta. Alifungua mkoba, mkono ukapita juu ya kile chekundu, ukatoa cha zamani cha ukingo mwembamba. Akarusha upande wa kulia, kandokando ya maji, njia ya wazee.

"Eh! Umeogopa maji leo?" Hellevi alicheka. "Na hewa nzuri namna hii! Jamani, mtazameni bingwa wa tufani."

"Bega linaniuma," Marketta alisema.

"Bega! Haya, pisha."

Hellevi akachukua chekundu chake, akapiga hatua zake tatu ndefu, akaachia. Mrusho wenyewe ulikuwa mzuri. Marketta, ambaye alikuwa ameurudia mrusho ule kichwani mwake kiangazi chote, alikiri kwamba ulikuwa mzuri. Kisahani kilikwenda mpaka katikati ya hori. Hapo kikainamisha bawa la kushoto, kikageuka kuelekea ziwa pana, kikaingia majini kwa sauti ndogo kama ya samaki.

"Kimeteleza," Hellevi alisema. "Umande."

Alifuta vidole kwenye suruali. Angeweza kuzunguka sasa, kwa pigo la adhabu, na bado angekuwa mchezoni. Outi alimwambia hivyo, kwa upole: "Pita kulia tu, Hellevi." Lakini Hellevi alimwangalia Marketta, na Marketta akafanya kitu kidogo sana. Akaangalia juu, kwenye vilele vya misonobari, kana kwamba kuna ndege.

Uso wa Hellevi ukaiva. Akatoa cha njano.

Hicho kilirushwa kwa nguvu zaidi, na hewa iliyotulia haijali nguvu za mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Kiligeuka mapema kuliko cha kwanza, kikazama karibu na matete. Duara zikapanuka juu ya maji mpaka zikafika miguuni mwao. Veijo aliandika.

Birika la shaba lilichukuliwa na Outi. Alilishika kwa mikono miwili akauliza kama linaweza kuoshwa kwa mashine, watu wakacheka, soseji zikageuzwa juu ya moto. Marketta alikuwa wa pili. Hellevi hakukaa kwenye kahawa.

Marketta alijua atamkuta wapi. Alirudi peke yake kwenye kikapu cha kumi na moja, akaketi kwenye jiwe. Hellevi alikuwa majini mpaka mapajani, suruali imekunjwa bure, akipapasa matope kwa nyayo jinsi wote wanavyofanya, akitafuta plastiki kwa vidole vya miguu. Maji ya Septemba. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na nywele zile za saluni zilimning'inia upande mmoja.

Marketta alikuwa ameungoja utamu huu mwaka mzima, akiogopa kwamba utakapokuja hautakuwa na ladha. Ulikuwa na ladha. Aliketi akaula polepole.

"Chekundu kilianguka mbali zaidi," alisema. "Hutakifikia kwa miguu."

"Najua kilipoanguka."

"Cha njano ni kushoto kwako kidogo."

Hellevi akasogea kushoto, akasimama, akainama mpaka shavu likagusa maji, akakivuta. Alikipangusa tope kwa kiganja. Chini yake kulikuwa na jina lake na namba yake ya simu, kwa mwandiko mzuri wa mtu anayeandika miadi ya wateja. Hakutoka majini. Aliugeuza ule ukingo mpana mkononi, kisha akautazama mkoba wa Marketta uliokuwa wazi pale kando ya jiwe, na kisahani chekundu ndani yake, kikavu, hakijaguswa siku nzima.

"Leo hukukitoa," alisema.

Marketta aliufunga mkoba.

"Mimi nilisema nilichoona," Hellevi alisema. Meno yalikuwa yakigongana. "Sikukutega. Niliona mguu, nikasema mguu. Nilipata birika, na sijawahi kunywa kahawa yake ikapita vizuri kooni, lakini sikukutega." Akavuta pumzi. "Sasa nakuuliza jambo moja, Marketta, na sitakuuliza jingine. Ile Jumatano, uliporusha mbele yangu, ulijua kwamba asubuhi hakitavuka?"

"Nilijua."